Nyuzi nane, kazi ya uzi mmoja: kisa cha kipimo kilichopima kitu kingine

Kisa hiki kinahusu programu ya Python iliyogawanywa katika nyuzi nyingi (njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) ili iende kasi, ikaishia kwenda polepole zaidi. Jina la kampuni, mji na washirika wake nimeviondoa. Namba za muda nimezizungusha kidogo ili zisimtambulishe mtu, lakini uwiano kati yake nimeuacha ulivyokuwa, maana somo lote limo kwenye uwiano huo.

Usuli

Kampuni ni ndogo, na kazi yake ni kulinganisha hesabu za miamala. Kila usiku hupokea mafaili kutoka kwa washirika, wakati huo yalikuwa 40. Programu iliyoandikwa kwa Python 3.11 huamka saa sita usiku. Kwanza inahakiki kila faili kwa alama ya sha256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili) ili kujua kama limefika salama, kisha inalisoma mstari kwa mstari. Inasafisha namba za simu (mshirika mmoja huandika kwa sifuri mbele, mwingine kwa msimbo wa nchi, na yupo aliyeacha nafasi katikati ya tarakimu), inageuza tarehe, inajumlisha kwa kila wakala. Ripoti inatakiwa iwe tayari saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawakala hawajafungua vibanda.

Kwa muda mrefu hilo halikuwa tatizo. Washirika walipoongezeka, ripoti ikaanza kutoka saa kumi na mbili na nusu. Dakika 30 unaweza kuzidharau, lakini wakala aliyefungua kibanda bila kujua salio la jana hupiga simu, na simu zile zote zilikuwa zinaishia kwa mkuu wa kitengo.

Seva ilionyesha kore 16, yaani sehemu 16 za kichakataji zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Programu ilikuwa inatumia moja. Ukiambiwa hivyo tu, hata wewe ungesema dawa inajulikana.

Kipimo cha kwanza

Kazi alipewa mhandisi kijana, na nataka nimtendee haki mapema: yeye ndiye pekee katika kisa hiki aliyepima kabla ya kujenga. Alishasikia habari za kufuli kuu la mkalimani wa Python (programu inayosoma na kutekeleza msimbo wa Python), lile liitwalo GIL, kwamba linazuia nyuzi zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Hakutaka kubisha wala kuamini kwa kusikia. Akaandika programu fupi ya kujaribu.

Kwa kuwa kazi halisi ilianza na uhakiki wa sha256, akachukua hatua hiyo hiyo kama mfano: kukokotoa sha256 ya kipande cha data cha megabaiti 1, tena na tena, kwanza kwa uzi mmoja, halafu 2, 4 na 8. Kwenye laptopu yake ya kore 8, nyuzi 2 zilimaliza kwa nusu ya muda, 4 kwa robo na kidogo, na 8 zilikuwa na kasi zaidi ya mara sita. Mstari wa mchoro ulipanda vizuri kama ngazi mpya.

Mchoro ukaenda kikaoni, na kikao kikakubali. Programu ingeandikwa upya kwa ThreadPoolExecutor, chombo cha Python cha kugawa kazi kwa nyuzi, yenye nyuzi 8, kila uzi ukichukua faili lake. Sababu zilizotolewa zilikuwa za busara kwa jinsi zilivyosikika: nyuzi zinashiriki kumbukumbu moja, msimbo unabadilika kidogo tu, na kutumia michakato mingi (nakala za programu zinazojitegemea, kila moja na kumbukumbu yake) badala yake "kutajaza RAM". Hilo la RAM hakuna aliyelipima.

Usiku wa kwanza hadi wa tatu

Usiku wa kwanza ripoti ilitoka saa moja kasoro robo. Walikuwa wanachelewa nusu saa, sasa wakachelewa dakika 45. Usiku wa pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu fundi wa seva aliamua kwamba nyuzi 8 ni chache, akaandika 32. Ripoti ikatoka saa moja na nusu, na kumbukumbu iliyokuwa inaogopwa ikajaa kweli, kwa sababu mafaili 32 yalikuwa yamefunguliwa kwa pamoja na kila moja limebeba jumla zake nusunusu.

Asubuhi hiyo nikapigiwa simu. "Kaka, tuna kore kumi na sita, moja inahema na nyingine zimelala. Na kipimo tulifanya!"

Kilichopimwa hasa

Nilipofika niliomba kuona programu ya majaribio kabla ya kuona programu yenyewe. Jibu lilikuwa mle ndani, kwenye mstari mmoja.

GIL ni kufuli moja kwa mkalimani mzima. Uzi unaotaka kutekeleza baitikodi ya Python (hatua ndogondogo ambazo msimbo hugeuzwa kuwa) lazima ulishike, na anayelishika ni mmoja tu. Fikiria jiko la shughuli lenye wapishi wanane na kisu kimoja. Mpishi anayechemsha maji hana haja ya kisu, anakiweka mezani na mwenzake anakichukua, kwa hiyo sufuria nane zinaweza kuchemka pamoja. Lakini kama kazi ya usiku huo ni kukata vitunguu, wapishi wanane watakata kwa zamu, na kupokezana kisu nako kunakula muda.

Moduli ya hashlib, inayokokotoa sha256, ni mchemsha maji. Imeandikwa kwa C, na ukiipa data inayozidi baiti 2047 inaliachia kufuli wakati wa kukokotoa. Megabaiti 1 inapita kiwango hicho mbali sana. Kwa hiyo jaribio la kijana lilipima, na kwa usahihi kabisa, jinsi msimbo wa C usioshika kufuli unavyogawanyika kwenye kore nane. Namba zake zilikuwa za kweli. Kazi ya usiku, kwa upande mwingine, ilikuwa kukata mistari, kusafisha namba za simu na kujaza kamusi za Python (majedwali ya jina na thamani yake): vitunguu kuanzia saa sita hadi alfajiri.

Niliwasha py-spy, zana ya kuchungulia programu inatumia muda wapi, kwenye programu inayoendelea, kwa chaguo la --gil linaloonyesha tu uzi ulioshika kufuli, na kando yake nikapima mgao wa muda. Hatua ya sha256 ilikuwa chini ya asilimia 2 ya kazi yote. Hapa hesabu ya Gene Amdahl ya mwaka 1967 inamaliza mjadala bila kugusa kompyuta. Kazi nzima ilichukua dakika 390. Ukigawanya asilimia 2 yake kwa nyuzi nyingi kadiri utakavyo, huwezi kuokoa zaidi ya dakika 8, na wao walihitaji 30.

Mkuu wa kitengo, aliyekuwa amesoma usiku kucha, aliniuliza kama ni kweli nyuzi za Python hufanya kazi ichukue karibu mara mbili. Anachokisema kina asili. Mwaka 2009 huko Chicago, mtaalamu wa Python David Beazley alionyesha kitanzi kinachohesabu kurudi nyuma: kukiendesha mara mbili mfululizo kulichukua sekunde 24.6, na kugawa kwa nyuzi mbili kwenye kompyuta ya kore mbili kulichukua 45.5. Alipozima kore moja, nyuzi zilezile mbili zikachukua 38.0, yaani kompyuta dhaifu zaidi ilishinda. Nyuzi zilikuwa zinagombania kufuli kupitia mfumo endeshi, na kore ya pili iliongeza ugomvi tu. Kufuli lile liliandikwa upya na Antoine Pitrou katika Python 3.2 ya mwaka 2011. Tangu hapo uzi unaongoja husubiri milisekunde 5 kisha huomba zamu, badala ya utaratibu wa zamani wa kuhesabu hatua 100 za mkalimani. Kwa hiyo hofu ya mkuu ilikuwa ya miaka mingi iliyopita, lakini matumaini ya kikao nayo hayakuwa na msingi. Leo nyuzi kwenye kazi ya aina hii hazikurudishi nyuma sana. Zinakuacha ulipo, ukiwa umechoka kidogo.

Kupima upya, na kosa langu

Tulichukua mistari 200,000 halisi, tukaficha namba za simu, tukaipitisha kwenye msimbo uleule wa usiku. Saa tuliyotumia ni perf_counter, inayopima muda kama saa ya ukutani. Process_time hujumlisha muda wa kichakataji wa nyuzi zote, na kwa swali la "nitasubiri kwa muda gani" haina msaada.

Hapa nami niliteleza. Niliendesha uzi 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, kwa mpangilio huo, nikaona nyuzi 2 zimepunguza muda kwa kiasi cha kuonekana. Kwa muda kama wa kunywa chai niliamini nimekosea kuhusu kila kitu nilichotoka kuwaeleza. Kijana ndiye aliyeuliza, "Lakini mara ya kwanza faili lilitoka kwenye diski, si ndiyo? Mara ya pili limeshakaa kwenye kumbukumbu." Ndiyo hasa. Jaribio la kwanza lililipa gharama ya kusoma diski kwa niaba ya mengine yote.

Tukaanza upya. Faili lilisomwa mara moja kabla ya kipimo, mpangilio wa idadi za nyuzi ukachanganywa kwa bahati nasibu, kila hali ikarudiwa mara 20 katika mchakato mpya, na tukaandika namba ya kati pamoja na tofauti kati ya ndogo na kubwa. Maktaba ya pyperf hukufanyia sehemu kubwa ya hayo, hasa kuanzisha mchakato mpya kila mara. Uzi 1: sekunde 10.0. Nyuzi 4: 10.4. Nyuzi 8: 10.9. Mchoro ulilala kama mkeka.

Michakato badala ya nyuzi

Kila mchakato una mkalimani wake na kufuli lake. Moduli ya multiprocessing imo ndani ya Python tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, na concurrent.futures hukuwezesha kubadili ThreadPoolExecutor kuwa ProcessPoolExecutor kwa kugusa msimbo kidogo sana. Tulibadili, tukapima, tukapata nafuu ndogo mno.

Sababu ya kwanza ilikuwa mizigo. Msimbo ulirithi tabia ya nyuzi: kila kazi ilirudisha orodha nzima ya mistari iliyosafishwa. Kati ya nyuzi hilo halina gharama kwa sababu wote wanaangalia kumbukumbu moja. Kati ya michakato, kila mstari lazima ufungashwe, upitishwe kwenye bomba, ufunguliwe upande wa pili, na mfunguaji ni mchakato mkuu peke yake. Tukageuza: mchakato unapewa jina la faili tu, na unarudisha jumla za mawakala tu. Vilivyobaki kupitishwa vilikuwa kilobaiti chache.

Sababu ya pili ilinipa burudani zaidi. Michakato 16 haikuwa na kasi kuliko 4, na mara nyingine ilikuwa nyuma. Os.cpu_count, amri ya Python ya kuuliza idadi ya kore, ilijibu 16, na ilisema kweli kuhusu mashine. Lakini programu iliishi ndani ya kontena (chumba kilichotengwa ndani ya seva kwa ajili ya programu) lililowekewa kikomo cha kore 4, na cpu_count haijui habari za kikomo hicho. Kikomo kinafanya kazi kwa vipindi vya milisekunde 100: kontena linapewa milisekunde 400 za kichakataji kwa kila kipindi. Michakato 16 inazimaliza ndani ya milisekunde 25, kisha wote wanagandishwa kwa milisekunde 75 zilizobaki. Faili la cpu.stat la kontena lilikuwa limeandika idadi ya magandisho, na idadi ilikuwa inapanda tukiitazama. Fundi wa seva ndiye aliyeweka kikomo kile mwaka uliotangulia, na kwa uungwana wa pekee alikiri kabla sijauliza.

Tukaamua michakato 4. Kumbukumbu? Haikukaribia hata nusu.

Njia ya kuondoa kufuli

Kijana hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. "Si kuna Python isiyo na kufuli siku hizi?"

Ipo. Wazo ni la zamani. Mwaka 1996 Greg Stein alitoa kiraka cha kuondoa GIL kwenye Python 1.4, na kasi ya uzi mmoja ikashuka karibu nusu, likaachwa. Sam Gross alilifufua mwaka 2021 kwa namna mpya ya kuhesabu marejeo ya vitu, pendekezo lake likakubaliwa mwaka 2023, na Python 3.13 ya Oktoba 2024 ikatoka na toleo la majaribio lisilo na kufuli. Tulilipakua, tukaendesha kipimo chetu, na mchoro ukalala mkeka vilevile.

Kama tungeishia hapo, tungeondoka na hitimisho la uongo kwa mara ya pili, safari hii kwa kipimo kilichoandikwa vizuri. Kilichotuokoa ni mstari mmoja wa tahadhari: kuuliza sys._is_gil_enabled(), yaani kama kufuli limewashwa, mwisho wa jaribio. Jibu lilikuwa True, ndiyo. Moja ya maktaba za C zilizoagizwa na msimbo haikuwa imetangaza kwamba iko salama bila kufuli, na mkalimani akikutana na maktaba ya namna hiyo hulirudisha kufuli kwa programu nzima. Hufanya hivyo kwa onyo, si kimya. Ila mtu fulani zamani alizima maonyo yote ili logi zisijae.

Maktaba yenyewe ilikuwa ya kuandika kwenye hifadhidata, haikuhusika na usomaji wa mistari. Tukaitoa kwenye jaribio. Nyuzi 4 sasa zikaongeza kasi, lakini kwa kiasi kisichofika mara mbili, kwa sababu zote zilikuwa zinajaza kamusi moja ya pamoja, na bila GIL kila kamusi ina kufuli lake dogo. Tulipompa kila uzi kamusi yake na kuziunganisha mwishoni, nyuzi 4 zilikaribia mara tatu na nusu ya uzi mmoja.

Mara tatu na nusu ya uzi upi? Hapo pana mtego ambao nimeuona kwa watu wengi. Katika 3.13, toleo lisilo na kufuli lina gharama: nyaraka za Python zenyewe zilitaja takriban asilimia 40 kwenye mkusanyiko wa vipimo wa pyperformance, gharama iliyoshuka hadi kati ya asilimia 5 na 10 katika 3.14. Ukilinganisha nyuzi 4 zisizo na kufuli na uzi 1 usio na kufuli, unajipongeza. Mkuu wa kitengo hajali hilo. Anachotaka ni kulinganisha na programu aliyonayo leo, na kwa kipimo hicho michakato 4 kwenye 3.11 ilishinda.

Uamuzi ukawa kubaki na michakato. Toleo la 3.13 lilikuwa la majaribio, maktaba ya hifadhidata haikuwa tayari, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuamshwa usiku kwa kosa la aina mpya.

Matokeo

Usiku wa kwanza wa michakato 4 ripoti ilitoka saa nane na dakika 40. Ilikuwa mapema kuliko walivyoota, lakini si mapema kama hesabu: dakika 390 kwa 4 ni chini ya dakika 100, na hizi zilikuwa 160. Faili la mshirika mkubwa linachukua dakika 80 peke yake, na kwa kuwa mafaili yalipangwa kialfabeti, hilo lilianza mwisho. Michakato mitatu ilikaa bure ikimsubiri mwenzao. Tukapanga kwa ukubwa, kubwa mbele. Usiku uliofuata: saa nane kasoro dakika 10.

Uchambuzi

Kupima kabla ya kuamua kulikuwa sahihi, na sikubaliani na mkuu aliyesema mwanzoni kwamba "vipimo ndivyo vilivyotuponza." Kilichoharibika ni uchaguzi wa mfano. Sha256 ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa rahisi kuandika na ilikuwa kweli sehemu ya kazi. Hakuna aliyeuliza ni sehemu kubwa kiasi gani. Robo saa ya kupima mgao wa muda ingeonyesha asilimia 2, na mjadala wa nyuzi usingefika kikaoni. Mimi sasa huanza na mgao huo kila mara, hata pale mteja anaponihakikishia kwamba anajua kazi yake inapokwama. Anayejua kweli hukosea mara chache tu, lakini sina njia ya kumtambua kwa sura.

Mazingira yalichangia. Laptopu ya kore 8 isiyo na kikomo haiwezi kuwakilisha kontena la kore 4, na tofauti hiyo isingeonekana mpaka mtu apime pale pale kazi inapofanyika. Tungekuwa na bahati mbaya zaidi kama jaribio la nyuzi lingekuwa sahihi: wangeweka 16 kwa kuiamini cpu_count, na kugandishwa kungewashangaza bila mtu wa kumlaumu.

Hatua ya nyuzi 32 ndiyo niliyoiona mbaya kuliko zote, na si kwa sababu ilirudisha kazi nyuma. Usiku wa kwanza uliwapa habari: nyuzi zimeongezeka na muda umeongezeka. Jibu lake likawa kuongeza dozi ileile. Fundi alikuwa chini ya shinikizo, simu zinalia, na katika hali hiyo kubadili namba moja kwenye faili la mipangilio huonekana kama kazi.

Kuhusu michakato iliyokataliwa mwanzoni kwa hofu ya RAM: hofu hiyo ilichukuliwa kama ukweli na nyuzi zikatakiwa kuthibitishwa, kumbe pande zote mbili zilistahili jaribio moja la dakika kumi.

Maonyo yaliyozimwa yamewashwa tena, na kipimo cha 3.13 kinahifadhiwa pamoja na msimbo kikiwa na sharti la kugoma endapo _is_gil_enabled itajibu True. Kijana amekwishaomba ruhusa ya kukirudia kwa 3.14, ambayo toleo lake lisilo na kufuli halihesabiwi tena kuwa la majaribio. Faili la mshirika mkubwa, lililokuwa la dakika 80, bado linasomwa na mchakato mmoja, na mwezi uliopita lilifika dakika 84.